Mdudu anayejifanya kijiti

Ndugu msikilizaji, ukitembelea msitu wa Pugu kule Kisarawe, au ukiingia msitu wa Ruvu Kusini upande wa Kibaha, huenda ukagusa kijiti kikavu, mara kijiti kikaanza kutembea! Usikimbie, wala usivue kandambili kumpiga. Si uchawi. Huyo ni mdudu kijiti.

Wengi humchanganya na vunjajungu. Vunjajungu hukunja mikono kama anayesali, kumbe anavizia wadudu wenzake awale. Mdudu kijiti hula majani tu, na hana sindano ya sumu.

Tumtazame umbo lake. Kama wadudu wote, ana miguu sita, na mwili wake una kichwa, kifua na tumbo. Lakini kifua chake ni kirefu na chembamba mno. Miguu ya mbele huinyosha mbele ya kichwa, na mapaja yake yamepinda kidogo ili kichwa kipate nafasi katikati. Rangi yake ni kijani, kahawia au kijivu. Mchana hutulia tuli. Upepo ukivuma, naye huyumba pamoja na matawi. Usiku ndipo hutembea na kula. Jike ni mkubwa kuliko dume, na katika aina nyingi hana mabawa.

Mayai yake hufanana na mbegu, kila moja na kifuniko chake. Huyaangusha chini mojamoja, yakakaa kwenye majani makavu kwa wiki nyingi, hata miezi. Katika baadhi ya aina, mayai huanguliwa bila dume kuhusika! Mtoto akikatika mguu, huota mwingine kila anapojivua ngozi. Akishakuwa mzima hajivui tena, na mguu uliokatika ndiyo basi.

Sasa fikiri, msikilizaji. Macho ya ndege huyadanganya, lakini panga na moto havidanganyiki. Mti ukikatwa kwa mkaa, jike asiye na mabawa hawezi kurukia msitu mwingine; moto ukipita chini, mayai yanaungua. Na mkaa huo tunaupikia sisi wa mjini.

Misitu hii ya pwani ina mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani. Tutumie mkaa kwa uchache, na mwenye uwezo wa gesi aitumie. Kiumbe aliyezoea kujificha anaweza kutoweka bila mtu kujua.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.