Darubini inayotaja majina ya milima haimkingi mtoto na jua

Mtoto aliyesimama Moshi akielekeza darubini ya kisasa kaskazini, ndani ya kioo hutokea maandishi yanayomwambia kuwa kilele anachokiona ni Kibo, chenye mita 5,895. Akigeukia magharibi, anasomewa Mlima Meru. Lakini magharibi ndiko jua linakozama, na darubini kujua jina la mlima hakumaanishi kwamba inalilinda jicho la anayeutazama.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mzazi anapaswa kulijua kabla ya kununua kifaa hiki au kumwazima mtoto cha mgeni.

Zinavyofanya kazi

Ndani ya darubini hizi kuna kipokezi cha GPS kinachojua mahali ulipo, dira ya kielektroniki inayojua unaelekea wapi, na kihisi kinachopima umeinua au umeinamisha kifaa kiasi gani. Programu huunganisha taarifa hizo tatu, ikalinganisha na ramani, kisha ikaandika jina la kinachoonekana.

AX Visio ya kampuni ya Swarovski Optik ya Austria, iliyotangazwa mwaka 2024, hutumia kamera yake kutambua ndege na wanyama wengine. Bei yake ilianzia zaidi ya dola 4,000 za Marekani, na uzito wake unazidi kilo moja. Kampuni ya Unistellar ya Ufaransa nayo ilitangaza Envision, iliyokusudiwa kutaja nyota na milima.

Majina hayo yanaweza kukosewa. Gari, nguzo ya chuma au sumaku ya spika huvuruga dira. Kosa la nyuzi tano tu, kwa kitu kilicho umbali wa kilomita 60, hulihamisha jina kwa takriban kilomita tano. Kwa hiyo mtoto asiachiwe kutafuta njia porini kwa kuitegemea peke yake.

Hatari iko kwenye jua

Katika darubini ya lenzi, maandishi huongezwa juu ya picha, lakini mwanga wenyewe bado unapita kwenye vioo hadi jichoni, tena ukiwa umekusanywa. Kulitazama jua kwa darubini, hata kwa muda mfupi sana, kunaweza kuunguza retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha.

Retina haihisi maumivu, hivyo mtoto hatalia. Dalili huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye: ukungu, doa katikati ya anachokitazama, au mistari iliyonyooka kuonekana imepinda. Wapo wanaopata nafuu baada ya wiki au miezi, na wapo wanaobaki na doa hilo maisha yote. Ukiona dalili hizo, mpeleke kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.

Miwani ya kutazamia kupatwa kwa jua nayo haisaidii ikivaliwa nyuma ya darubini. Kichujio maalumu hufungwa mbele ya lenzi. Hili litahitaji kukumbukwa Agosti 2, 2027, siku ambayo sehemu ya jua itapatwa likitazamwa kutoka Afrika Mashariki.

Je, inamtosha mtoto?

Macho ya mtoto yamekaribiana kuliko ya mtu mzima, na darubini nyingi hazikunjiki kufikia hapo. Muulize anaona duara moja au mawili. Akiona mawili, haimfai, na akiilazimisha ataumwa kichwa. Inayokuza mara sita au nane humfaa zaidi kuliko ya mara kumi, kwa sababu picha haitikisiki sana.

Mtoto anayefumba jicho moja kila mara, au anayelalamika kuwa jicho moja linaona vibaya hata baada ya kurekebisha lenzi, apimwe macho. Mara nyingine hapo ndipo tatizo lililojificha hugundulika.

Faida ipo nje ya nyumba

Utafiti uliofanyika Guangzhou, China, na kuchapishwa mwaka 2015, uliwaongezea wanafunzi wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, takriban asilimia 30 yao walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, ikilinganishwa na karibu asilimia 40 ya wenzao ambao hawakuongezewa muda.

Faida hiyo haihitaji kifaa cha mamilioni ya shilingi. Darubini ya kawaida na ramani kwenye simu ya mzazi vinatosha.

Toka naye asubuhi au jioni, jua likiwa mgongoni mwenu. Mwache ataje mwenyewe mlima, mnara au ndege anaouona, ndipo mhakikishe jina. Darubini ikirudi kwenye mfuko wake, iwekwe mahali ambapo mtoto hawezi kuichukua bila mtu mzima kujua.