Ugonjwa Unaonyamaza

Leo twataka kusema juu ya ugonjwa ambao katika nyumba nyingi hutajwa kwa kunong'ona, yaani kansa ya mlango wa kizazi.

Kansa ni nini? Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo huzaliana, huzeeka na kufa, kila moja kwa wakati wake. Kansa huanza chembe inapoharibika ikaacha kufuata utaratibu huo. Huzaa nyingine zilizo mfano wake, hata ziwe uvimbe. Baadaye nyingine hutoka hapo, zikapita katika damu na kufanya makao katika mapafu, ini au mifupa.

Kansa hii ya akina mama huletwa karibu kila mara na virusi viitwavyo HPV. Watu huambukizana wakutanapo kimwili. Vimeenea sana, hata wengi wa waliooa na kuolewa wamewahi kuwa navyo bila kujua, na kwa kawaida mwili huviondoa wenyewe. Visipoondoka, kansa yaweza kuchukua miaka 15 au 20 kutokea. Basi mama akiugua leo, tusimhukumu yeye wala mumewe.

Katika miaka hiyo mama hasikii maumivu. Hapo ndipo penye hatari, na hapo ndipo penye tumaini. Muuguzi hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi. Palipoharibika hugeuka peupe, napo hutibiwa kabla hapajawa kansa. Ni kazi ya dakika chache. Mama akingoja, aweza kutokwa na damu isiyo ya mwezi, au baada ya kukutana na mumewe. Mwishowe uvimbe hubana mirija ya mkojo, figo zikashindwa kazi.

Shirika la Afya Duniani lashauri kila mama apimwe tangu miaka 30, na mwenye virusi vya ukimwi tangu miaka 25. Hapa Kenya chanjo ya wasichana wa miaka 10 ilianza mwaka 2019.

Akina baba, msiwazuie wake zenu kwenda kupimwa, wapeni nauli. Akina mama, semezaneni katika vikundi vyenu, mwende pamoja. Ugonjwa huu hunyamaza. Sisi tusinyamaze nao.