Ala za Ngozi za Bastola za Fataki

Kila tundu la bastola ya fataki, mfano Colt ya 1851, lilishindiliwa baruti na risasi, kisha likavikwa fataki ya shaba nyuma. Unyevu ulikuwa adui mkubwa. Ndiyo maana ala ya kijeshi ilikuwa na kifuniko kipana chenye kishikizo cha shaba. Mkandani kulikuwa na kikoba cha fataki chenye manyoya ya kondoo ndani, zisije zikamwagika. Katika hali ya unyevu, kama wakati wa masika, ngozi kuukuu huota kuvu, na shaba inayoigusa hutoa utando wa kijani. Bastola isihifadhiwe alani: asidi za ngozi hula chuma.