Nat Love na kitabu kilichorudi baada ya miaka 61

Nat Love alichapisha mwenyewe tawasifu yake, The Life and Adventures of Nat Love, mjini Los Angeles mwaka 1907. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Tennessee mwaka 1854, akachunga ng'ombe magharibi ya Marekani kwa takriban miaka 20, kisha akaajiriwa kuhudumia abiria katika mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman. Alifariki mwaka 1921, na kitabu chake kikasahaulika.

Love hakuwa mtu wa kujificha. Katika picha moja ya kitabuni amesimama na kofia pana, tandiko likiwa miguuni na mkono ukishika bunduki iliyosimamishwa wima. Anasimulia kwamba Julai 4, 1876, katika mashindano ya mjini Deadwood, alimnasa farasi mwitu kwa kamba, akamfunga, akamtia hatamu, akamtandika na kumpanda, yote kwa dakika 9. Hapo ndipo, kwa maelezo yake, alipopewa jina la Deadwood Dick. Anadai pia kuwa na makovu ya risasi 14.

Mambo yalibadilika miaka ya 1960. Harakati za haki za raia ziliwafanya wasomaji na vyuo vikuu kutafuta historia ya Wamarekani Weusi iliyoachwa nje ya vitabu vya shule. Mwaka 1965 Philip Durham na Everett L. Jones walitoa The Negro Cowboys, utafiti kuhusu wachunga ng'ombe Weusi ambao filamu zilikuwa zimewasahau. Mwaka 1968 Arno Press ikakitoa upya kitabu cha Love. 

Toleo la Bison Books la mwaka 1995 liliongezewa utangulizi wa Brackette F. Williams. Kitabu cha namna hii kinahitaji mtu wa kumwongoza msomaji. Love anasema alifika Dodge City mwaka 1869, ilhali mji huo ulianzishwa mwaka 1872. Jina la Deadwood Dick nalo lilivuma kupitia riwaya za bei nafuu za Edward L. Wheeler, zilizoanza kutoka mwaka 1877, na Love hakuwa peke yake kujinasibisha nalo.

Mhariri makini hasahihishi madai kama hayo ndani ya matini, kwa kuwa majigambo nayo ni ushahidi wa namna mtu alivyotaka akumbukwe. Huyaacha yalivyo, akayapima katika utangulizi au tanbihi. Kazi hiyo ndiyo inayolipa toleo jipya thamani yake, maana matini yenyewe sasa husomwa bure kwenye intaneti, katika mkusanyo wa Chuo Kikuu cha North Carolina.