Nyuki Mkubwa wa Majira ya Machipuko: Tumtafsirije?

Katika mazoezi ya tafsiri, wanafunzi wetu hukutana na matini za Ulaya zinazoeleza bustani ya mwezi Machi au Aprili. Ndani yake yumo nyuki mkubwa, mnene, mwenye manyoya, anayeruka chini chini huku akivuma. Wako wanaomwandika "nyigu", na wako wanaoandika "nyuki" wakaendelea. Kote kuwili kuna jambo linalopotea, nasi tumeona vyema tulieleze hapa.

Nyigu ana kiuno chembamba na manyoya machache. Mdudu huyu ni nyuki wa jenasi ya Bombus, yenye spishi zaidi ya 250 duniani. Kusini mwa Sahara hayupo kiasili, kwa hiyo si ajabu mwanafunzi wetu akikosa jina la kumwita. Hapa tutamwita nyuki manyoya.

Kwa nini aonekane mkubwa hasa wakati wa machipuko? Kwa sababu karibu wote wanaoonekana mwanzoni mwa majira hayo ni malkia. Kundi la nyuki manyoya wa Ulaya kwa kawaida halidumu mwaka hadi mwaka kama la nyuki wa asali. Baridi ikikaribia, malkia mzee, wafanyakazi na madume hufa. Hubaki malkia wachanga waliokwisha kupandwa, nao hujichimbia ardhini, kila mmoja peke yake, mpaka joto lirudi. Malkia akiamka ana njaa. Hutetemesha misuli ya mabawa bila kuruka ili ajipashe joto, kisha hutafuta maua. Baadaye hutafuta mahali pa kujenga kiota, mara nyingi shimo lililoachwa na panya. Kule kuruka chini chini, basi, ni kutafuta nyumba! Malkia wa Bombus terrestris, spishi iliyoenea sana Ulaya, hufikia milimita 20 hivi. Wafanyakazi watakaotoka katika mayai yake huwa wadogo kuliko yeye.

Kwa hiyo anayempiga kandambili nyuki huyo mwezi Machi huwa amekiua kiota kizima cha kiangazi, ambacho kingeweza kuwa na wafanyakazi mia na zaidi. Wenzetu wanaokwenda kusoma huko walijue hili. Malkia anao mwiba, na anaweza kudunga zaidi ya mara moja, lakini ni nadra afanye hivyo asiposhikwa au kubanwa.

Turudi kwenye lugha. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kudokeza kwa kiwakilishi tu kwamba nyuki huyo ni jike. Kiswahili hakina njia hiyo: "anatafuta shimo" haituambii kama ni jike au dume. Hivyo mfasiri hana budi kuliandika neno "malkia", hata kama halimo katika matini chanzi.

Wapo wanaopendekeza tumtumie badala yake yule nyuki mweusi wa kwetu anayetoboa boriti na mianzi. Kwa ukubwa na mvumo wanafanana, na wote wawili huweza kulitikisa ua la nyanya mpaka chavua imwagike. Lakini huyu wa kwetu hutaga ndani ya mbao wala hangoji theluji iyeyuke. Katika hadithi ya watoto tungemkubali. Katika matini ya sayansi, hapana.