Jumuiya za Watu Wenye Ulemavu Zisimame kwa Fedha za Nani?

Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu. Mwaka huo wananchi wa Norway walichangishana fedha kwa njia ya televisheni, na kutokana na mchango ule vyama vya watu wenye ulemavu vya nchi hiyo vikaunda umoja uitwao Atlas-alliansen ili kuwasaidia wenzao wa nchi za mbali. Mwaka 1985 watu wenye ulemavu wa Unguja na Pemba nao wakaunda umoja wao, UWZ. Ilipozaliwa jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili, ZAPDD, mwaka 1999, ilipata rafiki katika chama cha Norway kinachoshughulikia ulemavu wa namna hiyo hiyo, NFU, kilichomo ndani ya Atlas.

Tunaikumbusha historia hii kwa kuwa ni ya heshima. Hapakuwa na tajiri aliyemtupia maskini sarafu. Walikuwa wazazi wa watoto wenye shida moja, wa bara mbili, waliotambuana. Urafiki huo, kwa kushirikiana na Wizara ya Elimu, umechangia kuingiza elimu mjumuisho katika skuli zetu, hata mtoto aliyekuwa akifichwa uani akakaa dawati moja na mtoto wa jirani. Anayedharau kazi hiyo hajui tulikotoka.

Lakini fedha hizo, sehemu kubwa yake, hupitia shirika la misaada la serikali ya Norway, NORAD. Ni fedha za walipa kodi wa nchi nyingine, na hukatwa au huongezwa na bunge la nchi nyingine. Mwaka 2025 sote tulishuhudia Marekani ikilifunga shirika lake la misaada, USAID. Mwaka huo huo Uingereza ilitangaza kuupunguza msaada wake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Sweden ilikuwa imekwisha kuiacha ahadi yake ya asilimia moja. Hatusemi kwamba Norway nayo itafuata. Tunasema tu kwamba uamuzi huo hautapigiwa kura Chukwani.

Tena, hata fedha zikija, huja kwa umbo lake. Mfadhili hutoa mradi wa miaka miwili au mitatu, na huulemavu hauishi kwa mkataba. Hulipia semina, mabango, na ripoti ya Kiingereza kila robo mwaka. Ni nadra kulipia kodi ya nyumba ya ofisi, mshahara wa katibu, nauli ya boti ya mjumbe wa Mkoani anayekuja mkutanoni Unguja, au ujira wa mkalimani wa lugha ya alama, ambaye bila yeye kiziwi huwa mgeni katika kikao chake mwenyewe. Kiti cha magurudumu kilichotengenezwa kwa ajili ya sakafu laini ya hospitali ya Ulaya huletwa, hupigwa picha, kisha hukutana na mchanga na mawe ya vijiji vyetu. Tairi likipasuka, bajeti ya tairi haimo mradini. Hayo madogo ndiyo yanayoiua jumuiya, wala si ukosefu wa semina.

Je, sisi hatuna wajibu? Tanzania iliuridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Kifungu cha 32 cha mkataba huo kinazungumzia ushirikiano wa kimataifa, na papo hapo kinaeleza kwamba ushirikiano huo hauiondolei nchi wajibu wake. Kabla ya hapo Zanzibar ilikuwa na sheria yake, Namba 9 ya 2006, iliyoweka Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu na mfuko wa kuwaendeleza. Sheria mpya ikatungwa mwaka 2022. Kwa sheria basi hatuna upungufu.

Wala hatuamini kwamba hatuwezi. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pencheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka bajeti yake yenyewe, bila kumngojea mfadhili. Wapo waliosema ni ndoto. Wazee wanalipwa, na kiwango kimeongezwa.

Iko pia njia ya wazee wetu, nayo ni wakfu. Mji Mkongwe una nyumba zilizowekwa wakfu, na mashamba yamewekwa vivyo hivyo, ili kodi na mazao yake yaendeshe jambo la kheri. Masharti ya marehemu hayaguswi, na hatumwombi yeyote ayaguse. Lakini mwenye duka leo anaweza kuweka wakfu mpya kwa ajili ya tairi, fimbo nyeupe na mkalimani, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inaweza kumwonyesha utaratibu.

Tusiwafiche pia ndugu zetu viongozi wa jumuiya. Hesabu inayopelekwa Oslo isomwe kwanza Wete na Makunduchi, kwa Kiswahili, mbele ya wanachama. Mwananchi hatatoa shilingi yake kwa daftari asilolijua.

Kwa watendaji wa Serikali tuna ombi moja. Mwaka wa fedha huanza Julai Mosi. Katika makadirio yatakayopelekwa Baraza la Wawakilishi tungependa kukiona kifungu kinachozitaja jumuiya hizi, kodi ya ofisi zao, makatibu wao na wakalimani wao, na kiasi kitakachotolewa kila mwezi.