Kipaa na Kisusi: Istilahi za Paa kutoka Beijing hadi Membley

Makala hii inaeleza mitindo ya paa katika usanifu wa jadi wa Kichina kwa kutumia msamiati ambao Kiswahili kimekuwa nao tangu jadi.

Paa la makuti katika nyumba ya Waswahili aghalabu lilikuwa na miteremko minne. Ile mikubwa miwili iliitwa kipaa cha mbele na kipaa cha nyuma; ile midogo ya ubavuni iliitwa visusi. Kisusi kilipanda na kuingia chini ya ncha za vipaa, kikaacha nafasi ndogo ya kupitisha mwanga na hewa. Makombamoyo yalibeba fito, nazo fito zikabeba makuti.

Nchini Uchina, umbo la paa lilitangaza cheo cha jengo. Paa la daraja ya juu kabisa lina vipaa viwili na visusi viwili vinavyofika hadi mgongoni. Paa la aina hiyo, lenye penu za tabaka mbili, ndilo lililofunika ukumbi mkuu wa kasri la wafalme mjini Beijing. Linalofuata kwa daraja ni kama lile la lango la Tiananmen: visusi vyake huishia katikati, na juu yake hubaki pembetatu. Umbo hili linakaribiana mno na la nyumba ya pwani, ila pembetatu ya Kichina huzibwa na kupambwa. Nyumba za raia wa kawaida zilikuwa na vipaa viwili tu, bila visusi.

Huku Kiambu, nyumba ya jadi ya Wagikuyu ilikuwa ya mviringo, na paa lake la nyasi lilichongoka mfano wa pia. Paa lisilo na pembe halihitaji kisusi. Leo hali ni tofauti. Katika mtaa wa Membley, Ruiru, nyumba nyingi zimeezekwa vigae au mabati kwa miteremko minne. Kisusi kipo, jina lake ndilo lisilosikika, kwani mafundi wengi hutumia la Kiingereza.

Hasara yake si ya lugha pekee. Mwenye nyumba ambaye paa lake linavuja mahali kipaa kinapokutana na kisusi hulazimika kuonyesha kwa kidole, ilhali neno lingetosha. Kamusi zimeyahifadhi maneno haya. Kilichosalia ni kuyarejesha vinywani mwa wajenzi.